Mwili Nyuma ya Usukani: Utangulizi

Ukitoka Ntendo kuelekea Muze, uwanda wa juu wa Ufipa unakatika ghafla. Nyuma yako umeacha mashamba ya mahindi na baridi ya Juni inayomfanya mtu avae koti hata saa sita mchana. Mbele yako Bonde la Rukwa limelala chini kabisa, takriban mita elfu moja, na joto lake unaliona kabla hujalihisi. Nimeshuka hapo nikiwa kwenye kiti cha mbele cha lori, kando ya dereva ambaye hakusema neno tangu kona ya kwanza mpaka ya mwisho. Koti alilivua kabla hatujaanza kushuka, nikashangaa, maana bado tulikuwa kwenye baridi. Alishuka na gia namba mbili, injini ikiunguruma na kulizuia gari, mguu ukigusa breki kidogo kidogo zisije zikapata moto zikagoma. Mikono haikutulia hata mara moja. Tulipofika Muze shati lilikuwa limelowa mgongo mzima, na aliponyoosha mkono kupokea chupa ya maji, vidole vyake vilikuwa bado vimepinda, kama vile usukani umo ndani yake.

Kitabu hiki kilianzia kwenye vidole vile.

Karibu, ndugu msomaji, kwenye elimu ambayo bado ni changa: elimu ya mwili wa dereva wa mashindano. Si lazima uwe umesoma baiolojia, wala si lazima uwe mpenzi wa magari. Swali lililopo mlangoni ni jepesi kulisema. Je, dereva wa mbio za magari ni mwanamichezo? Kila nilipolitaja mjini Sumbawanga, iwe kituo cha mabasi au nje ya Uwanja wa Nelson Mandela mpira ukiwa umekwisha, nilijibiwa bila kusubirishwa: gari ndilo linalokimbia, yeye amekaa. Pingamizi hilo ni la haki, na sura nyingi za kitabu hiki zinajaribu kulijibu kwa heshima linayostahili.

Tuanze na lugha yetu wenyewe, kwa sababu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Tuna mwanariadha na tuna mwanamichezo. Riadha tumeipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni mazoezi na michezo kwa ujumla. Sisi tumeibana ikawa kukimbia, kuruka na kurusha. Mwanamichezo tukamwachia uwanja mpana, hata mcheza bao anaingia. Kwa hiyo dereva wa mbio si mwanariadha, hilo halina mjadala, na ukimwita mwanamichezo hakuna atakayekugombeza. Lakini ndugu zangu wa kituo cha mabasi hawakuwa wanabishania jina. Walikuwa wanauliza kama mwili wa mtu yule unafanya kazi inayokaribia ya mkimbiaji, au unakaribia zaidi wa mcheza bao aliyeketi mkekani.

Mwaka 1974 unatuwekea watu wawili ubavu kwa ubavu. Februari 2, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Alikuwa na miaka 20. Miezi michache baadaye dereva Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, Kenya, akashinda mbio za magari za Safari Rally kwa mara ya pili akiwa na Mitsubishi Lancer. Yeye alikuwa na miaka 42, na aliirudia kazi hiyo tena 1976. Bayi alizaliwa 1953, mwaka uleule mbio za Safari zilipoanzishwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuhusu Bayi hakuna aliyeuliza. Kuhusu Joginder, watu walimpenda, wakamwita Simba, kisha wakaendelea kuuliza.

Safari ya siku hizo ilikuwa kilometa zipatazo 5,000 katika siku za Pasaka, usiku na mchana, vumbi likigeuka tope mvua ya masika ikishuka. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 ikawa hivyo tena, magari saba. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, aliishinda 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliishinda mara tano, na ushindi wa kwanza, wa 1973, aliupata baada ya kulingana na dereva mwenzake Harry Källström kwa dakika za adhabu. Baada ya maelfu ya kilometa, wanaume wawili hawakupishana hata dakika moja. Unapofikia hapo, bado unaweza kusema ni gari tu?

Sasa tuuguse mwili wenyewe. Anza na shingo. Kichwa cha mtu na kofia ngumu ya dereva, pamoja, ni kama kilo sita na nusu. Gari la Formula 1 likikata kona kwa kasi, kichwa hicho huvutwa pembeni kwa nguvu inayoweza kufika mara nne ya uzito wake au kuzidi. Hiyo ni kilo 26. Mama wa hapa Laela, Ufipa, anayetoka kisimani na ndoo ya lita 20 anaujua uzito unaokaribia huo, ila wake unakaa juu ya uti wa mgongo uliosimama wima. Wa dereva unavuta upande, kona baada ya kona, kwa saa nzima na zaidi, na macho yake hayaruhusiwi kuiacha barabara.

Moyo unataka uangalifu zaidi, na hapa ndipo wapenzi wa magari hujidanganya. Ni kweli kwamba mapigo ya dereva wa mashindano mara nyingi huzidi 150 kwa dakika. Lakini moyo hudunda pia kwa hofu, hata mtu akiwa kitini akingoja majibu ya mtihani. Mapigo peke yake hayathibitishi kitu. Ndiyo maana watafiti walitafuta njia ya kupima oksijeni ambayo mwili unaitumia dereva akiwa mbioni, na kwenye njia zenye kona nyingi wakakuta kiwango kinachokaribia cha mtu anayecheza mpira wa kikapu. Misuli ya mikono, shingo na kiuno inakaza bila kuonekana ikisogea, na misuli iliyokaza inaibana mishipa yake yenyewe ya damu. Hofu haitumii oksijeni namna hiyo. Ushahidi huu ndio ulionigeuza mimi.

Kisha joto. Oktoba 2023, kwenye mashindano ya Formula 1 ya Qatar, dereva Esteban Ocon alitapika ndani ya kofia yake akaendelea kuendesha mpaka mwisho. Logan Sargeant alishindwa kabisa akaacha. Walikuwa vijana wenye mazoezi ya kila siku. Baada ya hapo shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA, lilitunga kanuni za hatari ya joto na kuleta fulana za kupoza mwili.

Kwa nini niandike haya nikiwa Ufipa, ambako hakuna mbio zinazopita? Kwa sababu uwanda huu ni maabara. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake hapa, na mgeni kutoka Dar es Salaam huhema akipanda ngazi. Shuka Muze, na kwa muda mfupi hewa imekuwa nzito na jasho limeanza. Mwili mmoja unapita hali mbili katika safari moja.

Dereva wangu wa lori simwiti mwanamichezo. Hakuwa anashindana na mtu, wala hakujiandaa kwa mazoezi. Mwanamichezo, kwa maana nitakayoitumia, ni yule anayeufunza mwili wake kwa ajili ya ushindani, na mwili huo ukichoka matokeo yanabadilika. Joginder anaingia hapo moja kwa moja. Lakini kilichompata Joginder mwilini kinampata pia mtu wa lori na mtu wa bodaboda, nao hawana daktari wa timu wala fulana ya kupoza. Tukishajua kumpima mmoja, vipimo vilevile vinawafaa wote, na sitaificha nia hiyo mahali popote katika kitabu hiki.

Sura ya kwanza inaanza na shingo. Kabla hujaifungua, nakuomba jambo moja. Siku utakaposhuka Muze ukiwa abiria, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, hesabu mapigo kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili, uandike. Mkifika chini, dereva akishazima injini na kunywa maji, mwombe kwa adabu akupe mkono wake, uhesabu na yake.