Je, Wajua? Samaki Wanaosubiri Mvua Kanda ya Dhahabu

Je, wajua kwamba Ziwa Victoria lina salmoni wake? Anaitwa ningu. Kwa ukoo hawahusiani hata kidogo, lakini tabia ni ile ile. Salmoni hukulia baharini na kurudi mtoni kutaga. Ningu hukulia ziwani, na mvua za kwanza zinapoyafanya maji ya mto kuwa na rangi ya chai ya maziwa, huanza kupanda. Salmoni hutafuta changarawe na kufukia mayai yake humo. Ningu hutafuta mahali mto ulipofurika ukamwagikia kwenye nyasi, na huko ndiko anakoacha kizazi chake. Geoffrey Fryer na Peter Whitehead, watafiti waliofanya kazi Afrika Mashariki enzi za ukoloni, walieleza kwa kina mayai na vifaranga vya ningu katika andiko la mwaka 1959. Tofauti nyingine ni kubwa: salmoni wa Bahari ya Pasifiki hufa akishataga, ilhali ningu hugeuza akarudi ziwani, tayari kupanda tena msimu mwingine, ikiwa nyavu zitamwachia njia.

Kupanda huku si kwa ningu peke yake. Nembe hupanda, gogogo hupanda, domodomo naye yumo. Domodomo ana jambo lake: hutoa umeme hafifu mwilini na kuutumia kutambua kilicho mbele yake gizani na kwenye maji machafu. Mtoni wakati wa mafuriko, jicho halimsaidii mtu.

Je, wajua mvua ya Geita na Shinyanga, kanda ya dhahabu, huishia wapi? Jibu la haraka ni ziwani, na ni jibu pungufu. Mto Isanga huingia kusini kabisa mwa Ghuba ya Mwanza, katika mkono wa maji unaoitwa Smith Sound, na tone lake likifuata njia yote litafika Bahari ya Mediterania kwa Mto Nile. Lakini nenda Rwamagasa, mkoani Geita, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Maji ya pale hayaendi Ziwa Victoria. Huteremka kwa kijito cha Isingile, yakaingia Mto Nikonga, yakapotea kwa muda katika mabwawa ya Moyowosi, kisha Malagarasi ikayapokea na kuyafikisha Ziwa Tanganyika, ambalo nalo hutoa maji yake kuelekea Kongo na Atlantiki. Kusini mwa Shinyanga kuna njia ya tatu: Mto Manonga huungana na Wembere, maji yakaingia Ziwa Kitangiri, yakatoka kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, na hapo yanakwama. Eyasi ni ziwa la magadi lisilo na mlango wa kutokea. Wingu moja likinyesha juu ya kanda hii laweza kulisha mabonde matatu yasiyokutana kamwe. Kwa kifaranga cha samaki, kilima kidogo kati ya vijiji viwili ndicho kinachoamua atakulia katika maji ya Nile, ya Kongo au ya chumvi.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya zebaki. Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha unga wake mwaloni, kisha huchanganya na zebaki inayokamata chembe za dhahabu. Mchanganyiko huo huchomwa, zebaki ikapaa kama mvuke na dhahabu ikabaki. Sehemu ya zebaki hubaki kwenye marudio, yaani mabaki ya unga uliokwishaoshwa, na mvua hubeba marudio. Ikifika kwenye tope la mto au bwawa, bakteria huigeuza kuwa zebaki-methili, ambayo huingia mwilini na kukaa. Mdudu huimeza, samaki mdogo humla mdudu, samaki mkubwa humla mdogo, na kila ngazi kiwango hupanda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Rwamagasa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa na mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda. Samaki wa vijito vya karibu na uchenjuaji walikutwa na zebaki nyingi kuliko wale wa Ghuba ya Nungwe, upande wa Ziwa Victoria. Ukijua maji ya Rwamagasa huenda wapi, hushangai. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020.

Na hapa ndipo samaki mchanga anapokuwa shahidi mzuri kuliko mzee wake. Sangara wa kilo kumi amezunguka ziwa miaka kadhaa. Zebaki iliyomo mwilini mwake huwezi kujua aliila wapi. Kifaranga cha miezi miwili hakijasafiri. Kilichomo mwilini mwake kimetoka pale pale kilipokamatwa, msimu huu huu. Ndiyo maana wataalamu wa nchi nyingi hupendelea samaki wadogo wanapotaka kujua kama sehemu fulani ya mto imechafuliwa.

Je, wajua vifaranga huhesabiwaje? Huko Scotland, Norway na Alaska, kila majira ya kuchipua watu huweka mtoni chombo kinachoelea chenye ngoma kubwa ya matundu, inayozungushwa na nguvu ya maji yenyewe. Salmoni wadogo wanaoteremka kwenda baharini huingia humo bila kuumia, wakapimwa urefu na uzito, wakawekwa alama, wakaachiwa. Njia nyingine ni ya umeme: mtaalamu hubeba betri mgongoni, hutia majini fimbo yenye pete ya chuma, na samaki wa karibu huzimia sekunde chache, muda wa kutosha kuwakusanya kwa wavu wa mkono. Njia hii imetumika pia kwenye mito inayoingia Ziwa Victoria. Mvuvi wa kawaida asiijaribu. Kuvua kwa umeme ni kosa kisheria Tanzania.

Kuna njia ninayoipenda zaidi. Samaki ana vijiwe vidogo kichwani, ndani ya masikio. Akiwa mchanga, kijiwe huongezeka tabaka moja kila siku. Kijiwe hukatwa, husuguliwa hadi kiwe chembamba, kikatazamwa kwa hadubini, na mtafiti huhesabu kurudi nyuma hadi siku samaki alipoanguliwa. Ukiwa na kitabu cha mvua cha kituo cha karibu, unajua ni mafuriko yapi yaliyomzaa. Kwa salmoni hata magamba hutosha, kwa kuwa majira ya baridi huacha alama ya kila mwaka. Ziwa Victoria halina baridi ya namna hiyo, hivyo gamba la samaki wetu halisomeki kirahisi.

Ugumu wenyewe uko barabarani. Msimu wa kuwatafuta vifaranga ndio msimu wa udongo mweusi wa mbuga kunasa magari. Mito ya kanda hii, Isanga, Magogo-Moame na Simiyu, hupungua mno kiangazi. Kuna sehemu hubaki mchanga na vidimbwi tu. Mtafiti anayesubiri Julai kwa sababu njia inapitika atapima mchanga. Akienda Novemba au Machi, maji yamevurugika, umeme hausaidii sana kwa sababu samaki haonekani, na wavu hujaa majani na matawi. Hii ni kazi ya mtu aishiye hapo hapo, si ya mgeni wa wiki moja.

Kwa upande wa ziwa, mambo ni afadhali. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, ina kituo Mwanza. Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, yenye makao Jinja, iliundwa mwaka 1994, na chini yake nchi tatu zinazolizunguka ziwa huhesabu mitumbwi, wavuvi na nyavu, na hupima wingi wa samaki kwa mawimbi ya sauti yanayopigwa kutoka melini. Dagaa na sangara hupimwa hivyo. Meli haiwezi kupanda Isanga. Kwa maoni yangu, tumeizoea mno hesabu ya samaki wenye soko la nje, tukawasahau wanaoliwa vijijini.

Je, wajua kwamba sangara anasingiziwa? Ukiuliza ningu alikwenda wapi, utaambiwa aliliwa na sangara. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na akatapakaa kwa kishindo miaka ya 1980. Lakini andiko la mwaka 1965 la mtafiti Cadwalladr tayari lilieleza jinsi uvuvi wa ningu ulivyoporomoka katika Mto Nzoia, Kenya. Kilichotangulia ni nyavu za makila, zilizofika upande wa Kenya mwaka 1905. Zilipotandazwa mahali mito inapoingia ziwani, wakati majike yamejaa mayai, zilivuna mama na watoto kwa mkupuo mmoja. Hapo zamani migono na nyuzio za wenyeji zilikamata, lakini samaki wengine walipita. Makila hayabakishi. Sangara ana makosa yake mengi, hili la kwanza si lake.

Je, wajua kwamba kambare huingia shambani? Usiku wa mvua kubwa hutoka mtoni na kufuata maji hadi kwenye majaruba ya mpunga ya Kahama na Shinyanga, akitafuta nyasi zilizofunikwa na maji ya kina kifupi ili atage. Ana kiungo cha kuvutia hewa, hivyo kipande kifupi cha nyasi mbichi hakimzuii. Maji yakikauka, watoto wenye ndoo huwa watafiti wa kwanza kufika.

Na kuna samaki asiyehitaji mto kabisa. Wale wadogo wa jamii ya Nothobranchius huishi kwenye madimbwi ya mvua katikati ya Tanzania, hutaga ndani ya tope na kufa dimbwi linapokauka. Mayai husubiri ardhini hadi mvua ya mwaka mwingine. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 waligundua kwamba aina moja ya Msumbiji hukomaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa.

Mtoni Mara, ambako ningu pia hupatikana, samaki hula nyumbu. Utafiti wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba zaidi ya nyumbu 6,000 huzama kila mwaka wakivuka mto huo, na mizoga yao ni sehemu kubwa ya chakula cha samaki msimu huo.

Je, wajua kwamba siku hizi maji hupanda kwenda Shinyanga? Tangu mwaka 2009, maji ya ziwa husukumwa kwa bomba kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga, kinyume na mwelekeo wa mito inayoingia ziwani. Na tangu Juni 2025 magari huvuka Ghuba ya Mwanza juu ya daraja la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi. Kila ningu anayetoka ziwa kubwa akielekea Isanga hupita chini yake.

Wasukuma walikuwa na dawa ya mto kabla mtu hajaiita hivyo. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua ili nyasi na miti zikue, likafunguliwa kiangazi kwa ng'ombe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliufufua utaratibu huo katika vijiji vingi. Lengo lilikuwa malisho na kuni, si samaki. Lakini mteremko wenye nyasi hupeleka mtoni tope kidogo, na tope ndilo linaloziba matamvua ya kifaranga na kufukia mayai.

Habari njema ipo Uganda. Mwaka 2004 Justus Rutaisire na Anthony Booth walichapisha jinsi walivyofaulu kumfanya ningu atage akiwa kifungoni, mayai yakaanguliwa. Habari mbaya ni kwamba shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka kwenye daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Basi, msomaji wa Misungwi, Geita, Magu au Kahama: ukimwona ningu sokoni au mtoni msimu huu, andika tarehe, mahali na kama alikuwa na mayai, umpelekee afisa uvuvi wa halmashauri yako. Na wewe mwenye wavu, mvua ikianza, usiufunge mlango wa mto.