Homa ya Agosti, lawama za Oktoba

Wafugaji wa Njoro na Molo huuliza swali hili kila mara: fahali aliugua ndigana, akachomwa sindano, akapona na kunenepa. Mbona mwezi mmoja au miwili baadaye mitamba aliowapanda wanarudia joto?

Kwamba korodani huning'inia nje ili zikae baridi kuliko mwili, kwa hilo mfugaji hahitaji darasa. Homa ya ndigana nayo hupita nyuzi 40. Ila mbegu ya fahali hutengenezwa kwa siku 61 hivi, kisha hukomaa mirijani wiki moja na ushei. Inayotoka Oktoba ilianza kuumbwa Agosti.

Uhondo uko kwenye hatua za mwisho. Mbegu inapochonga kichwa chake, histoni, yaani protini ambazo DNA huzungushiwa, huondolewa karibu zote. Mahali pake huja protamini, protini ndogo zinazoibana DNA hadi jeni hazisomeki tena. Lakini kazi haijaisha: mkia bado unaundwa, na protini mpya zinahitajika.

Chembe hufanya kama mwenye shamba anayejiandaa kwa safari. Kabla ya kufunga chumba chenye madaftari yote, anaandika maagizo, anayatia kwenye bahasha na kumkabidhi msimamizi: hii ya Jumatatu, ile ya Ijumaa. Bahasha ni nakala za RNA. Msimamizi ni protini zinazozizuia zisisomwe kabla ya siku yake. Na agizo la kufunga chumba, lile la protamini, nalo limo ndani ya bahasha. Kwa panya hukaa karibu wiki nzima bila kuguswa. Mwaka 1995, maabara ya Robert Braun huko Seattle ilizalisha panya ambao bahasha hiyo ilifunguliwa mapema. Chumba kilifungwa wafanyakazi wakiwa bado kazini: DNA ilibanwa kabla ya wakati, vichwa vya mbegu vikapinda, madume wakawa tasa.

Joto nalo huvuruga ufungaji huo. Fahali wa Holstein waliofunikwa pumbu kwa saa 48 tu walitoa, siku kadhaa baadaye, mbegu ambazo DNA yake haikufungwa sawasawa. Ng'ombe wa nundu, kama Sahiwal wanaozalishwa Naivasha, hustahimili zaidi.

Kwa hiyo fahali aliyetoka kwenye homa apumzishwe miezi miwili na kitu, kisha mbegu zake zipimwe kwa darubini. Wakati huo mitamba wapandishwe kwa mrija: mbegu za kituo cha Kabete, zilizogandishwa kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, hazijui ndigana ya Agosti.