Kuta mbili, vifurushi viwili: kompyuta ya dukani itumie waifai ya nyumbani

MWENYE duka Ngerengere, mkoani Morogoro, anaweza kujikuta akilipia intaneti mara mbili kila mwezi. Nyumbani, nyuma ya duka, kuna ruta yenye laini ya simu na kifurushi chake, inayohudumia simu za familia. Dukani kuna kompyuta ya mezani yenye hesabu za mbolea na mbegu pamoja na madeni ya wateja, nayo imechomekwa modemu yenye kifurushi kingine. Kati ya ruta na kompyuta hiyo pana kuta mbili tu.

Sababu ni kwamba kompyuta nyingi za mezani, hasa za mtumba, hazina kipokezi cha waifai. Zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi zenye waya ukutani. Asiyejua hilo huambiwa anunue kompyuta mpya, na kwa mtu anayesubiri wakulima wauze ufuta ndipo wamlipe, huo si ushauri.

Kinachotakiwa ni adapta ya waifai, kifaa kidogo kama flashi kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kabla ya kukinunua, bofya alama ya mtandao kwenye pembe ya chini, kulia mwa skrini. Majina ya mitandao ya jirani yakitokea, kipokezi kimo tayari na fedha ibaki mfukoni.

Kifaa hiki kikikosekana Ngerengere, safari ni ya Morogoro mjini. Treni za umeme zilizoanza kubeba abiria mwaka 2024 zimeifupisha, lakini kurudisha kifaa kisichofaa ni nauli nyingine. Kwa hiyo muulize muuzaji kama adapta hiyo inakubali toleo la Windows lililomo kwenye kompyuta yako. Fahamu pia kuwa adapta za bei ya chini mara nyingi hupokea masafa ya 2.4 GHz peke yake. Ruta ikiwa imepangwa kurusha 5 GHz tu, kompyuta haitaliona jina lake kabisa. Kwa nyumba yenye kuta, 2.4 ndiyo inayofaa zaidi, maana hupenya vizuri na kufika mbali, ingawa kasi yake ni ndogo.

Hapa ndipo wengi hukwama: adapta huweza kudai programu ya kuiendesha, na programu hiyo iko kwenye intaneti ambayo kompyuta bado haina. Simu ya Android humaliza kazi. Iunganishe simu na waifai ya nyumbani, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wake wa chaji, kisha kwenye mipangilio ya simu ruhusu kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta itapata mtandao papo hapo. Mwenye matumizi madogo anaweza kuendelea hivyo hivyo bila kununua adapta.

Mawimbi yakiwa hafifu, usikimbilie kulaumu ruta. Adapta iliyochomekwa nyuma ya kompyuta, chini ya meza, imefichwa na kasha la chuma. Tumia waya wa kurefusha USB uipandishe juu ya meza, na uiweke mbali na matundu ya USB ya buluu yanayotumika, kwani huvuruga 2.4 GHz. Ruta nayo iinuliwe, isiwe nyuma ya jokofu wala ukuta wa bati.

Baada ya kuunganisha, kuna hatari ya kifurushi kuisha usiku mmoja. Windows 10 na 11 hujipakulia marekebisho makubwa zenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo na uieleze kompyuta kuwa intaneti yake hulipiwa kwa kipimo, itapunguza ulaji. Neno la siri lililoandikwa chini ya ruta nalo libadilishwe, na mteja asipewe. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, ambao unaweza kutengwa na kompyuta yenye madeni ya watu.

Kuta zikishinda yote hayo, nunua waya wa mtandao utoke kwenye ruta hadi dukani. Hufanya kazi vizuri hadi meta 100, na bati haliuzuii. Wa kuchungwa ni panya.