Supavaiza Akikuuliza "Hawa Watu 13 Walienda Wapi?", Utasema Nini?

Cheki hii. Uko difensi ya projekti. Sura ya tatu umesema ulihoji watu 384, ile namba kila komredi anaijua kuliko namba ya simu ya mathe. Kwa jedwali la sura ya nne wako 371. Lecturer anashusha miwani: "Hawa 13 walienda wapi?"

Unakumbuka kuna watu ulitoa. Labda hawakuandika umri. Labda ni wale walijaza "5" kila swali ndio uwaachilie waende. Lakini ilikuwa saa nane usiku na ulikuwa unabonyeza tu. Manze, hapo jasho lazima.

Shida ya SPSS na wenzake ni urahisi. Unabonyeza menyu, jedwali linatokea, unalikopi kwa Word, maisha inaendelea. Lakini jedwali ni kama chapo kwa sahani: unaona imeiva, huoni unga ilipimwa aje.

Sasa, kwa SPSS, kando ya OK kuna kibonyezo kimeandikwa Paste. Wasee wengi hawajawahi kukigusa. Kibonye, na ile kitu ulichagua kwa menyu itaandikwa kama amri kwa dirisha lingine. Iendeshe kutoka hapo, kisha uweke hiyo faili, inaisha na .sps. Na kama ndio unasikia hii story leo, usishtuke. SPSS huandika amri zako chini ya maji kwa faili inaitwa statistics.jnl, bora hakuna mtu ameizima. Ingia Edit, Options, File Locations, utaona imejificha wapi.

Wa Stata, anza na log using kazi.log, append na umalize na log close. Kila kitu katikati, amri na majibu, kinaingia. Chunga tu: ukiandika replace badala ya append, rekodi ya jana kwa hiyo faili imeenda. Wa R, sink() inanasa majibu, si amri, na hapo wengi huchomeka. Andika amri zako kwa faili ya .R tangu mwanzo.

Rekodi yenyewe huwa chafu, imejaa makosa na majaribio yako yote, na hiyo ni sawa. Toa zile amri zilifanya kazi, zipange kwa faili safi, na uandike sababu kando. Mfano wa Stata:

* hawakujaza umri
drop if missing(umri)

Stata itakujibu (13 observations deleted). Sasa lecturer aulize.

Na usidhani hii ni mambo ya mafresha. 2010, maprofesa wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa karatasi ikasema nchi zenye deni la zaidi ya asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wao hurudi nyuma, wastani wa -0.1. Wanasiasa wa Marekani na Ulaya wakaishikilia wakitetea kukata matumizi ya serikali. Baadaye mwanafunzi wa UMass Amherst, Thomas Herndon, alijaribu kurudia hesabu kwa kazi ya darasa. Zikakataa. Akaomba faili yao ya Excel, wakamtumia, akapata fomula ya wastani iliruka nchi 5. Yeye na walimu wake waliporekebisha hiyo, wakarudisha miaka iliyoachwa na kubadilisha vile nchi zilipewa uzito, wakapata 2.2. Wenyewe walikubali kosa la Excel, hayo mengine wakabishana. Bila ile faili, Herndon angebaki kujiuliza kama ni yeye hajui hesabu.

Sasa wewe umelipa msee akufanyie uchambuzi (hiyo ni kati yako na chuo chako). Wengi hukutumia majedwali kwa Word na kupotea. Kabla utume ile nusu ya doo imebaki kwa M-Pesa, mwambie akupatie .sps ama .do, pamoja na data vile ilikuwa kabla aiguse. Ziendeshe kwa lapi yako. Namba zikikataa kufanana, bado doo iko kwa simu yako.