Uzi wa Kioo Unaopima Daraja

Ndugu wasomaji, na ninyi wadogo wa mwaka wa kwanza, musikimbie ukurasa huu. Sisi wa mwaka wa sita tulipomaliza somo la mwanga, mabishano yalitokea. Wengine walisema kwamba uzi wa kioo, yaani fibri optike, ni wa kupitisha simu tu. Hapana. Uzi huo unaweza kupima namna daraja linavyovutika.

Unene wake ni mikrometa 125, kama unywele. Katikati iko kiini cha mikrometa 8 ao 9, cha kioo kilichochanganywa na germaniumu. Ndani ya kiini hicho watu wanaandika mistari maelfu. Musifikiri wanaikata na wembe! Wanaiandika kwa mwanga.

Kenneth Hill na wenzake waliona jambo hili kule Ottawa, Kanada, mwaka 1978. Waliingiza mwanga wa lazeri ndani ya uzi, wakaona kila minuti mwanga unaorudi nyuma unaongezeka. Mwanga uliokwenda ulikutana na uliorudi, pakawa mahali pa nguvu na mahali pa giza, na kioo kikashika alama. Lakini alama hizo zilifaa kwa mwanga wa lazeri ile ile tu. Mwaka 1989 Gerald Meltz na wenzake, huko Marekani, walipiga uzi kwa ubavu na miali miwili ya ultravioleti inayokutana. Ukibadili pembe ya miali, mistari inakaribiana ao inaachana.

Kazi yenyewe inataka uvumilivu. Kwa kawaida wanatoa kwanza ngozi ya plastiki, kisha wanaandika, kisha wanavika uzi tena, maana kioo kitupu kinavunjika upesi. Nafasi kati ya mistari ni nusu ya mikrometa. Meza ikitikisika kidogo tu, alama inaharibika.

Sasa, inapima ginsi gani? Kila mstari unarudisha mwanga kidogo sana. Lakini mwanga mmoja unaolingana na nafasi ya mistari unarudi wote pamoja, kama kwaya inapopiga mikono. Uzi ukivutwa, nafasi inaongezeka, na mwanga unaorudi unakuwa mwingine. Tuseme unarudi mwanga wa nanometa 1550: urefu wa metre moja ukivutika mikrometa 1, mwanga unasogea pikometa 1,2. Ni kidogo ajabu, lakini mashini inaisoma.

Taabu iko kwa joto. Digri moja inasogeza mwanga pikometa 10 hivi, sawa na kuvuta ile metre mikrometa 8. Kwa daraja la Beddington Trail, kule Calgary, Kanada, ambapo nyuzi hizi ziliwekwa mwaka 1993, baridi na jua vinapokezana sana. Kwa hiyo dawa ya kazi kama hiyo ni kuweka alama ya pili karibu na ya kwanza, isiyobeba mzigo wowote. Hiyo inasikia joto peke yake, na hesabu yake inatolewa kwa ile ya kwanza.