Chemirocha Ana Miaka Mingapi?

Mwandishi wa muziki wa London au New York ana kalenda inayomlisha. Mwaka 2009 albamu ya Miles Davis, Kind of Blue, ilitimiza miaka 50, ikiwa tayari imetolewa upya katika kasha nono, na kurasa zikajaa. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Sgt. Pepper ya Beatles, iliyochanganywa upya na Giles Martin, mtoto wa George Martin aliyesimamia kurekodiwa kwake miaka 50 kabla. Tarehe ya kutoka inajulikana hadi siku yenyewe, na kampuni haichoki kukumbusha, maana ina kitu cha kuuza.

Sasa ichukue kalenda hiyo uende nayo Sigor. Nasema Sigor ya Chepalungu, Kaunti ya Bomet, si ile ya Pokot Magharibi. Ni upande ambako majani chai ya Kericho na Bomet yanaanza kupungua, na nafasi yake kuchukuliwa na mahindi na ng'ombe. Muziki wa zamani huku haununuliwi katika kasha. Unanunuliwa kwa flash, kwenye kibanda kinachotengeneza simu, kuuza chaja na kuwekea watu nyimbo.

"Mama, nikuwekee za sasa ama za zamani?"

"Za zamani, kijana. Zile za Kipchamba."

Kijana anafungua folda, anachagua, anabandika. Faili moja inaitwa Track 04, nyingine Track 11, ya tatu ina namba ya simu ya kibanda kingine badala ya jina la wimbo. Tarehe ipo, ukiitafuta, ila ni ya siku faili iliponakiliwa. Kwa mujibu wa kompyuta ya kibandani, Kipchamba arap Tapotuk na Koilongei Band yake walirekodi juzi. Mama hajali, na kwa nini ajali? Anajua wimbo huo ulipigwa kwenye harusi ya nani.

Lakini sisi tunaoandika juu ya santuri tunapata taabu hapo. Ili kuadhimisha kitu lazima ujue kilizaliwa lini, na muziki mwingi wa Bonde la Ufa kusini haukuandikiwa cheti cha kuzaliwa. Kwanza kabisa, haukutoka kama albamu. Ulitoka kama sahani ndogo za mizunguko 45, wimbo mmoja kila upande, au wimbo mmoja wa benga uliokatwa katikati: sehemu ya kwanza upande A, gita likishika moto sahani inakwisha, unageuza upande B kuufuata. Mjini Kericho duka la A.P. Chandarana lilikuwa duka la muziki na pia kampuni ya kurekodi, na wanamuziki Wakalenjin, Waluo na Wagusii walipita mikononi mwake. Sahani iliuzwa ikiwa moto, ikachezwa kwenye baa mpaka ikakwaruza, ikafuatwa na nyingine. Kuandika mwaka kwenye lebo ilikuwa kama kuandika tarehe ya kuisha kwa bidhaa, na hakuna mwenye duka aliyetaka mteja aone kwamba wimbo ni wa mwaka jana.

Hivyo sisi husoma vitu vingine. Ukiinamisha sahani kwenye mwanga, katika ile sehemu laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo, utaona herufi na namba zilizochorwa. Ni namba ya mama wa sahani, aliyotumia fundi kiwandani ili pande mbili zisichanganywe. Namba hizo hufuatana. Ukijua sahani moja ilitoka lini kwa hakika, pengine kwa sababu inaimba msiba au sherehe inayojulikana, unaweza kuziweka nyingine kabla yake au baada yake. Muundo wa lebo husaidia pia: rangi iliyobadilika, sanduku la posta lililohama, jina la kampuni lililoongezewa neno. Ni kazi ya polepole, na mara nyingi jibu lake ni "kati ya 1974 na 1977". Kwa hadhi ya gazeti, hilo ni jibu dhaifu. Kwa historia linatosha.

Pale ambapo kampuni kubwa ilihusika, mambo ni mepesi. Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya HMV, na kwa kuwa kampuni hiyo iliweka daftari zake vizuri, karne yake tunaweza kuipangia kuanzia sasa. Mwimbaji wa benga wa Bomet hakuwa na karani wa namna hiyo.

Ipo rekodi moja kutoka nchi ya Wakipsigis, mojawapo ya makabila ya Wakalenjin, hata hivyo, ambayo mwaka wake haubishaniwi, na ndiyo inayonifanya nitilie shaka desturi nzima ya kuhesabu. Ni Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa ameishi kusini mwa Afrika tangu 1920, alipita Afrika Mashariki na gari lililobeba mashine za kurekodi. Alifika Kapkatet, wakati huo Wilaya ya Kericho, wilaya ambayo hata Sigor ilikuwa ndani yake; Bomet ilikatwa na kuwa wilaya peke yake mwaka 1992. Tracey alikuwa na mazoea ya kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza mwenyewe kati ya chombo na mwimbaji, na ndiyo sababu rekodi zake zinasikika kana kwamba umekaa kwenye kigoda katikati ya waimbaji. Kapkatet alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilohilo moja. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis, na ndiyo iliyozunguka dunia.

Haifiki dakika mbili. Inaanza na chepkong, kinubi cha bakuli lililowambwa ngozi, ndugu wa nyatiti ya Waluo na obokano ya Wagusii lakini mdogo na mwenye sauti nyembamba. Nyuzi zinarudia mzunguko mfupi wa noti chache, zikikwaruza kidogo kila zinapoguswa. Sauti ya kiongozi inaingia juu yake, nyepesi, karibu ya kunong'ona, na wasichana wanajibu kwa kulitaja jina. Hawalingani kabisa, mmoja anawahi, mwingine anachelewa kwa nusu pumzi, na uzuri wote wa rekodi umekaa katika nafasi hiyo ndogo. Mhandisi wa leo angeinyoosha kwa kompyuta akaiua.

Na jina hilo ni la nani? La Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefanya kazi kwenye reli, akaanza kurekodi mwaka 1927, akafa kwa kifua kikuu tarehe 26 Mei 1933 akiwa na umri wa miaka 35. Santuri zake zilifika hadi nchi ya Wakipsigis pamoja na gramafoni za Wazungu, na jina lake, likipita katika vinywa vya watu ambao hawakuwahi kumwona, likawa Chemirocha. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianza katikati ya miaka ya 1920, kwa hiyo gramafoni na majani chai viliingia karibu pamoja. Tracey aliandika kwamba wasichana walimwimbia Chemirocha kama kiumbe nusu mtu nusu swala, wakimhimiza acheze mpaka nguo zimtoke. Maelezo hayo yamenukuliwa kila mahali kama imani ya kabila zima. Mimi nayasoma kama maandishi ya mgeni aliyekaa muda mfupi, aliyetegemea mkalimani, mbele ya wasichana waliokuwa wakijicheka. Mtu aliyewahi kusikia wasichana wa Bureti, ndiko Kapkatet ilipo, wakimtania kijana kwa wimbo atajua kwamba si kila kinachoimbwa kinaabudiwa.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wimbo wenyewe hauna chochote cha Rodgers. Alisifika kwa ile sauti ya kupasuka kutoka kifuani kwenda juu kichwani, na gita lake lilikwenda kwa mwendo wa reli. Kwa Chemutoi Ketienya hakuna dalili ya lolote kati ya hayo mawili. Wasichana walichukua jina tu, wakaliweka ndani ya muziki wao bila kubadilisha noti hata moja ya chepkong. Wanaotafuta "ushawishi wa Marekani" katika rekodi hii wanachimba pasipo na maji.

Turudi kwenye hesabu. Chemirocha ilirekodiwa mwaka 1950. Mwaka 1954 Tracey aliunda maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, na rekodi za safari zake zikatoka katika mfululizo wa Sound of Africa, wenye santuri zaidi ya 200. Zilikuwa za vyuo vikuu na maktaba zaidi ya kuwa za mtu wa kawaida, na huwezi kutarajia kwamba mchuma chai wa Kapkatet angeagiza moja. Baada ya Tracey kufariki mwaka 1977, maktaba hiyo ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ambao leo unaitwa Makhanda, Afrika Kusini. Mtafiti wa Ulaya aliweza kuusikiliza wimbo huo. Binti wa mwimbaji, akiwa Bureti, hakuweza.

Mwaka 2014 ILAM, Ketebul Music ya Tabu Osusa kutoka Nairobi, na mradi wa Singing Wells walirudi Kapkatet na nakala za rekodi hizo. Walikaa na wazee, wakazicheza, wakaonyesha picha za 1950. Mzee mmoja aliyerekodiwa na Tracey alipatikana akiwa hai, na umri wake ukikaribia miaka 90. Miaka 64 ilikuwa imepita kati ya kuimba na kujisikia.

Basi niambie, huyu Chemirocha ana miaka mingapi? Kwa kalenda ya London, mwaka 2025 alitimiza 75. Kwa kalenda ya Kapkatet alitoka mwaka 2014, maana wimbo haujatoka mpaka umewafikia wenye lugha yake. Mimi nafuata ya Kapkatet. Si kwa huruma, bali kwa sababu ya ufundi: historia ya rekodi ni historia ya jinsi ilivyosikilizwa, na kabla ya 2014 sehemu kubwa ya usikilizaji wa Chemirocha ilifanywa na watu wasiojua Kikipsigis. Maelezo ya nusu mtu nusu swala yanatoka katika kipindi hicho. Ukitaka kuiadhimisha rekodi hii kwa haki, anza na kile wazee walichokisema walipoisikia, siyo na karatasi ya mwaka 1950.

Kuna swali la pesa pia, na nalipitia haraka kwa kuwa linastahili makala yake. Kasha la maadhimisho huko Ulaya huleta mrabaha kwa msanii au warithi. Rekodi za nyanjani zililipiwa kitu kidogo papo hapo, kisha zikakaa maktaba. Kurudisha nakala ni heshima; hakufungi hesabu.

Tukirudi kwenye tarehe, kwa sahani za Kericho mambo ni kinyume kabisa na ya Chemirocha. Watu walizisikia wote, tarehe ndizo hakuna. Hapa mama wa kwenye kibanda anajua mengi kuliko lebo. Ketebul walipotoa kazi yao juu ya historia ya benga mwaka 2008, waliwafuata wanamuziki wenyewe kwa mahojiano, na njia hiyo inafaa hata kwa mtu asiye na kamera. Usimuulize mzee wimbo ulitoka mwaka gani. Atakuridhisha kwa mwaka wowote. Muulize kama ulikuwa unapigwa Mzee Kenyatta alipofariki, Agosti 1978. Muulize kama waliucheza kabla au baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, redio ilipokatiza vipindi. Muulize kama ng'ombe walikuwa wanakufa, yaani ukame wa 1984. Akisema "huo tuliucheza tukiwa bado na redio ya baba, kabla ya ng'ombe kufa", umepata mpaka wa juu, na namba iliyochorwa kwenye sahani itakupa wa chini.

Na kama sahani yenyewe iko nyumbani, chini ya kitanda au juu ya dari, usiifute kwa spiriti. Zile za kale za mizunguko 78, nzito na zinazovunjika zikianguka, huyeyuka zikiguswa na spiriti. Tumia kitambaa laini kilicholowa maji kidogo, usilowanishe lebo. Usiicheze 78 kwa sindano ya 45, maana mfereji wake ni mpana na sindano nyembamba itazama chini na kukwangua. Kabla ya yote piga picha: lebo upande A, lebo upande B, kisha ile sehemu laini katikati, taa ikitoka ubavuni ili namba zionekane. Picha tatu zitakaa kwenye simu yoyote. Ukizipeleka pale kibandani, kijana naye atapata jina la kuipa Track 04.