Pareto, Ua Lipendalo Baridi

Ndugu zetu wa Matongo, kila mwenye bustani ajua ya kuwa baridi huidhuru mimea mingi. Lakini liko ua moja lisilochanua vema pasipo baridi, nalo ni pareto. Twataka kuwaeleza tabia yake, ili mtu asipoteze kazi yake bure.

Asili ya pareto ni Dalmatia, katika nchi ya Kroatia. Ua lake ni jeupe, lenye kitovu cha manjano, na ndani yake mna sumu iuayo wadudu, ingawa kwa mtu na mifugo madhara yake ni machache. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, 1939 hata 1945, pareto ya Kenya ilitakiwa sana ili kuwakinga askari na mbu. Jirani zenu wa Kisii waliilima miaka mingi, na katika Tanzania hulimwa Iringa, Njombe na Mbeya.

Nchi hizo zote zina miinuko, na pareto hupendelea futi 6,000 na zaidi. Sababu ni hii: vitumba vya maua hufanyika mmea upatapo majuma kadhaa ya baridi. Ukipandwa penye joto hustawi majani, lakini maua huwa haba au hayatoki kabisa. Basi kila mtu na aitazame nchi yake kwanza. Bonde la Mto Mara lina joto. Vilima vya Tarime vina baridi zaidi. Msitoe shamba zima. Jaribuni miche 20 bustanini kwa mwaka mmoja; ikichanua vizuri, ongezeni.

Pasueni shina la zamani, kila kipande kiwe na mizizi yake, mkapande mvua zianzapo. Pandeni juu ya matuta, maana maji yakituama mizizi huoza. Mche na mche uachane futi 1, mstari na mstari futi 2.

Chumeni maua yaliyokwisha kufunguka, umande ukiisha kukauka, mkayaanike siku ile ile. Yakirundikwa mabichi huchacha, na sumu yake hupungua. Yaliyokauka huwekwa pakavu, mbali na mwanga.

Unga wake hunyunyizwa penye viroboto na kunguni. Lakini msiutupe mtoni, kwani huua samaki. Wala msiunyunyize karibu na mizinga, kwa maana nyuki nao ni wadudu.